Maji safi nayo hula mabomba: yapimeni kabla hayajatoka mtamboni

Maji yanaweza kuwa maangavu, klorini iko sawa, vijidudu hakuna, na bado yakawa yanakula mabomba ya mji mzima. Nimefanya kazi miaka mingi kwenye mtambo unaosafisha maji ya mto utokao Mlima Kenya, na hili ndilo ninalowasisitizia vijana wanaoanza kazi.

Maji ya milimani ni laini mno. Kalsiamu ni kidogo, na ualkali, yaani uwezo wa maji kuzuia pH (kipimo cha uchachu) isishuke, ni haba. Masika mto ukichafuka tunaongeza shabu, inayogandisha tope ili litue, na kila miligramu ya shabu humaliza karibu nusu miligramu ya ualkali. Tia miligramu 50 kwa lita kwenye mto wenye ualkali wa miligramu 30: karibu wote umekwisha, pH imeporomoka. Kwa hiyo shabu ikipanda, chokaa inayorudisha ualkali nayo ipande siku hiyo hiyo.

Msitegemee pH peke yake. Fahirisi ya Langelier, kipimo cha iwapo maji yatakula mabomba kilichotolewa mwaka 1936, huunganisha pH, kalsiamu, ualkali, joto na chumvi zilizoyeyuka. Ikiwa chini ya sifuri, maji yana njaa. Pasipo na maabara kamili, mimi hutumia chupa. Jaza maji hadi mdomoni, tia kijiko cha unga safi wa kalsiamu kaboneti, ziba bila kuacha hewa, tikisa mara kwa mara, kisha iache itulie usiku kucha. Asubuhi pima pH ya maji ya juu. Ikiwa imepanda kuliko ya jana, maji yenu yana njaa, na chuma na saruji ndivyo vitakavyoyashibisha.

Chokaa itieni mwisho, baada ya klorini kupata muda wa kuua vijidudu, kwa sababu klorini hudhoofika pH ikipita 8. Tumieni maji ya chokaa yaliyotuama, la sivyo mtarudisha ukungu mliokwisha kuuchuja.

Halafu nendeni majumbani. Chukueni maji ya kwanza ya alfajiri, yaliyolala bombani saa sita au zaidi. Kutu mtaiona kwa macho, lakini madini ya risasi hayana rangi wala ladha. Mwaka 2014 mji wa Flint, Marekani, ulianza kutumia maji ya mto bila kutia fosfeti ya kukinga mabomba, na risasi ikaingia kwenye maji ya kunywa ya watoto. Kikomo cha Shirika la Afya Duniani ni mikrogramu 10 kwa lita, kiasi ambacho maabara tu ndiyo itakionyesha. Nyumba yoyote yenye viungio vya zamani vilivyolehemewa kwa risasi, chupa yake ya alfajiri ipelekwe huko kwanza.