Cuenca, Ekuador: ukishafika Guayaquil, panda mlimani

Mkuu, umeuliza kama inafaa kupanda Cuenca kwa siku nne utakazobaki nazo baada ya kazi Guayaquil, au upumzike pwani. Panda, na siku zote nne zimalizie huko.

La kupanga mapema ni mwinuko. Guayaquil iko chini kabisa, karibu sawa na bahari. Barabara inapita hifadhi ya El Cajas, inavuka mlima kwenye zaidi ya mita 4,000, kisha inashuka hadi Cuenca, kama mita 2,550. Kwa saa chache tu umepita kimo cha kambi ya Horombo kule Kilimanjaro (mita 3,720) ukiwa umekaa kwenye gari. Mimi kichwa kiliniuma hadi usiku. Kwa hiyo usishukie Cajas siku hiyo hata kama ukungu umefunguka na maziwa yanaonekana. Fika mjini, kunywa maji, lala. Cajas iwe siku ya tatu.

Mji wa kale uko kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO tangu 1999, na unauzunguka kwa miguu. Kanisa kuu la kuba za buluu utaliona bila kuonyeshwa. Mimi ningekupeleka kwanza soko la 10 de Agosto. Kwa wauza chakula omba hornado, nguruwe aliyeokwa mzima, na mote, mahindi meupe ya punje kubwa yaliyochemshwa. Simbilisi wa kuchoma wapo pia, ila bei yake iko juu. Ukienda Jumanne au Ijumaa utawakuta akina mama wa limpia, wanawapitishia watu mitishamba na yai mwilini kuondoa hofu na kijicho. Mtu wa kwetu hahitaji maelezo marefu hapo. Omba ruhusa kabla ya kupiga picha.

Siku ya pili nenda Gualaceo na Sigsig. Gualaceo wanafuma macana, shali ambazo nyuzi zake hufungwa mafundo kabla ya kutiwa rangi, ua linajitokeza kwenye kufuma. Sigsig ni kwa wasuka kofia za majani ya toquilla, hizi dunia inazoziita za Panama ilhali ni za Ekuador. Nunua kwa msukaji mwenyewe. Inyanyue kofia kwenye mwanga: msuko ukibana, kazi ni nzuri.

Ingapirca, magofu ya Wainka na Wacañari, ni mazuri lakini yanakula siku nzima. Kwa siku nne ningeyaacha.

Cajas panda basi la asubuhi, ushukie Laguna Toreadora, uzunguke ziwa. Vaa koti la mvua na sweta zito. Mito ya Tomebamba na Yanuncay inayopita mjini inaanzia huko, na mwaka 2021 wakazi wa Cuenca walipiga kura kuzuia uchimbaji madini kwenye vyanzo vya maji. Nawaheshimu sana kwa hilo.

Pesa ni dola ya Marekani tangu 2000. Beba noti ndogo, za 50 na 100 wengi hawapokei. Kurudi Guayaquil ondoka asubuhi, maana mchana ukungu huwa mzito kule juu.