Taa zina mlipaji

Mwanangu,

Umeniuliza kama ukisaini ile tamthilia ya televisheni, ukacheza mama mkwe mwenye wivu miezi kumi mfululizo, utakuwa umekisaliti kikundi chenu cha maigizo. Barua nimeisoma mara mbili, ya pili kwa sauti. Mama yako akaguna. Maguno yake unayajua.

Mimi nikisikia usaliti naikumbuka Calcutta, kule India. Najua, hadithi za Calcutta umenyweshwa pamoja na uji. Lakini hii sikuwahi kukupa yote.

Mwaka 1971, mji umejaa wakimbizi wa vita vya ng'ambo ya mpaka, mwenzangu wa bwenini akanipeleka ukumbi wa Rabindra Sadan kutazama mchezo wa Tiner Talwar, yaani Upanga wa Bati. Utpal Dutt aliutunga, akauongoza, na mkuu wa kundi la maigizo ndani yake, Benimadhab, akamcheza mwenyewe. Mwenzangu ananitafsiria sikioni, wa nyuma wanatusonya. Mwanzoni tu Benimadhab, bwana mkubwa wa jukwaa, anakutana usiku na mtu anayezoa uchafu ndani ya shimo la maji taka. Anajisifu. Yule wa shimoni anammwagia uchafu, na habari za maigizo ya mabwana hana hata kidogo! Nilicheka mpaka nikasonywa upya.

Kicheko kikaniisha. Benimadhab alimwokota msichana muuza mboga, Moyna, akamfunza kusema na kutembea mpaka akawa nyota. Kisha akamtoa kwa tajiri ili apate ukumbi. Msichana kwa ukumbi, basi. Mimi nikatazama saa: geti la bweni linafungwa. Nikatoka.

Mwisho nilisimuliwa asubuhi kwenye tramu. Kumbe Benimadhab, aliyekuwa akiukwepa mchezo wa Titumir, mpiganaji aliyewaasi Waingereza, kwa kuogopa sheria yao ya 1876 ya kupiga marufuku maigizo, anaacha maneno ya kichekesho katikati ya onyesho, afisa wa polisi wa Kiingereza ameketi mbele yake, na anaanza kusema maneno ya Titumir. Watu waliokuwamo ukumbini waliliona hilo kwa macho yao. Mimi nilibaki na mtu aliyekwama kwenye bei. Mpaka leo linanikera, tena kwa sababu ya geti.

Nawe usidhani Dutt alikuwa mtu wa kuandika ushujaa akiwa kitini. Alianza na Shakespeare kwa Kiingereza, akazunguka na kundi la Geoffrey Kendal, kisha akahamia Kibengali, wenye mji wamwelewe. Mwaka 1959, ukumbi wa Minerva, katika mchezo wake Angar, fundi wake wa taa Tapas Sen alijaza maji kwenye mgodi wa makaa bila tone la maji: mwanga tu unapanda, unawameza wachimbaji. Mwaka 1965 akaweka jukwaani Kallol, habari za mabaharia wa Kihindi walioasi mwaka 1946. Magazeti yakakataa matangazo yake, yakabandikwa mabango ukutani kwamba Kallol inaendelea na itaendelea. Dutt mwenyewe akafungwa miezi kadhaa bila kesi.

Ndiyo maana filamu ya kuchekesha ya Gol Maal ilipofika Tanga nilitaka kutoka tena. Mtu yule yule! Humo Dutt ni bosi anayeamini kwamba asiye na masharubu hana tabia, na kijana mmoja anamdanganya kwa pacha wa kubuni. Ukumbi mzima hoi. Mama yako alimwaga njugu zote. Mimi nimenuna, nasema moyoni, wamemnunua. Halafu akafanya lile jicho lake la kushuku, nami nikapasuka kicheko kuliko wote. Nilikuwa nimekasirishwa na nini? Taa za jukwaa zina mlipaji, mwanangu, na pesa za filamu zilisaidia kulilisha kundi lake.

Lakini ngoja. Benimadhab naye alisema hivyo hivyo alipomtoa Moyna, kwamba ukumbi unataka pesa. Tofauti ni nini? Dutt aliuza masharubu yake, hakuuza mtoto wa mtu. Hilo nalishika. Ila je, zile jioni za kupiga picha Bombay zilikuwa za nani? Hapo nanyamaza. Taa zina mlipaji, nalirudia, lakini silisemi kama ruhusa.

Mama yako ameniapisha nisikuamulie, ingawa ulimi unaniwasha na wewe unajua ningesema nini. Niambie kitu kimoja tu: huo mkataba unawaachia jioni zenu za mazoezi, au unazichukua?

Na onyesho lenu la mwezi ujao nitumie tarehe mapema. Nitalala kwa shangazi yako, sitaki kukimbilia basi la usiku.

Babako