Ufa Uliokuwa Ukifupika: Kuandika Hadithi ya Ajabu Baada ya Tetemeko

Siku tatu baada ya tetemeko la Kagera, mama yangu alichukua penseli ya shule ya mdogo wangu, akasimama mbele ya ukuta wa sebuleni na kuchora kistari pale ulipoishia ufa. Pembeni akaandika tarehe: 13/9/2016. Kesho yake asubuhi alirudi, akachomeka njiti ya kiberiti ndani ya ufa ili ajue kama umepanuka, kisha akachora kistari kingine juu kidogo ya kile cha jana. Hakuna aliyemfundisha kufanya hivyo. Ulipofika msimu wa senene mwezi Novemba, ukuta ule ulikuwa na vistari 11, nasi tulikwisha kuzoea kuutazama tukipita, kama watu wanavyotazama kalenda.

Naanza na ukuta huo kwa sababu ndimo ilimotoka hadithi yangu ya kwanza kusimama, baada ya nyingine tatu kuanguka. Vijana kadhaa wanaoandika wameniuliza namna ya kutunga hadithi fupi zenye mambo ya ajabu kuhusu watu wa kawaida waliopitiwa na janga. Nitawajibu kwa kueleza nilikokosea, maana makosa yangu nayafahamu vizuri.

Katika hadithi zile tatu niliandika siku yenyewe. Jumamosi, tarehe 10 Septemba 2016, saa 9:27 alasiri, tetemeko la ukubwa wa 5.9 lilipiga Kagera na kusikika hadi Uganda, Rwanda na Burundi. Kwetu Tanzania watu 17 walifariki, mamia walijeruhiwa, na nyumba nyingi za matofali yaliyojengewa kwa udongo zikalala chini. Shule za sekondari za Ihungo na Nyakato ziliharibika kiasi cha kufungwa. Niliyaandika yote hayo kwa uaminifu, lakini ndani ya hadithi hamkuwa na mtu hata mmoja. Ilikuwa taarifa ya habari iliyotiwa vilio. Nilipoona haina uhai nikaanza kurundika maajabu: Ziwa Victoria likapanda kilima, migomba ikatoka damu, ng'ombe wakahutubia mkutano wa kijiji. Msomaji anayekutana na maajabu matano katika ukurasa mmoja haoni tena la ajabu, kwa kuwa hajaonyeshwa lililo la kawaida.

Kwa hiyo jambo la kwanza ninaloshauri ni kulitoa tetemeko nje ya hadithi. Liwe limekwisha kupita, au liwe mahali pengine, na wewe ubaki na watu wanaoendelea kupika, kudaiwa kodi na kugombana juu ya mipaka ya vibanja. Haruki Murakami wa Japani, aliyekulia maeneo ya Kobe, alifanya hivyo baada ya tetemeko la Januari 1995 lililoua zaidi ya watu 6,400 katika mji huo na maeneo ya jirani: aliandika hadithi sita, na hakuna hata moja inayotokea katikati ya vifusi vya Kobe. Wahusika wake wako mbali, wengine wanaliona janga kwenye televisheni tu, na bado limewafikia. Nilipolifahamu hilo nilirudi kukumbuka miezi yetu ya baada ya tetemeko, nikaona mambo niliyokuwa nimeyapuuza. Familia ambazo nyumba zao hazikupata hata mkwaruzo zililala chini ya turubai migombani. Mlango wa jikoni kwetu haukufungwa tena wakati wa kupika. Jirani mmoja aliweka glasi ya maji juu ya kigoda karibu na kitanda chake, ili akishtuka usiku ayatazame maji kabla hajakimbia. Lori likipita barabarani na vyombo vikagongana kabatini, mtu angeinua uso na kuuliza neno moja tu, "Umesikia?", na wote tungenyamaza hadi lori lipotee. Katika ukimya huo mfupi tetemeko limo kamili, na halikuhitaji kutajwa.

Kutoka hapo, chagua jambo moja lisilowezekana, moja tu, ulitoe ndani ya mazoea hayo. Usiliagize kutoka mbali. Kiswahili chenyewe kilinisaidia, kwa sababu neno tunalotumia kwa mwanya wa ukutani ndilo tunaloitia Bonde la Ufa, na wataalamu walilihusisha tetemeko letu na nguvu zilezile zinazoivuta ardhi katika bonde hilo. Ufa wa mama na ufa wa bara zima ulikuwa neno moja. Tena kila Mswahili ameambiwa tangu utoto kwamba asipoziba ufa atajenga ukuta. Nikajiuliza: je, ufa ukianza kujiziba wenyewe?

Ndipo nilipompata mwanamke wa hadithi yangu. Yeye naye huchora vistari na kuandika tarehe, hadi asubuhi moja anapoona kwamba ufa umerudi nyuma na kukiacha kistari cha mwisho. Siku inayofuata umeacha viwili. Mume anafurahi na kusema nyumba inapona. Fundi aliyekuwa ameitwa kupiga lipu anaambiwa asije tena. Mwanamke peke yake ndiye anayesoma tarehe zinazoachwa nyuma, kutoka Novemba kwenda Oktoba, kutoka Oktoba kuingia Septemba, na anaelewa kwamba ufa ukirudi mpaka ulipoanzia, pale juu ya mlango, itakuwa tena Jumamosi ile, saa tisa na dakika ishirini na saba. Usiku, watu wakiwa wamelala, anachukua nyundo na tindo na kuanza kuuchimba upya ule ufa, ili siku ile isirudi.

Tazameni namna jambo hilo linavyosemwa. Mara ya kwanza niliandika: "Kwa muujiza usioelezeka na wa kutisha mno, ufa ulianza kupungua." Sentensi hiyo ilimwamuru msomaji ashangae, naye alikataa. Baadaye niliandika: "Jumanne asubuhi ufa ulikuwa umerudi nyuma vidole viwili." Bibi zetu walijua siri hii zamani, kwa kuwa katika ngano sungura husema na simba bila msimuliaji kusimama kueleza amejifunza wapi kusema. Lisiloaminika liseme kwa sauti ileile unayotumia kutaja bei ya sukari, na vitu vinavyolizunguka viwe sahihi kabisa: njiti ya kiberiti, vumbi la lipu kwenye nywele, tindo lililofungwa kitambaa lisipige kelele. Wala usitoe maana. Wasomaji wawili waliniuliza kama ufa ule ni huzuni au ni kumbukumbu, nami niliwajibu kwamba ni ufa.

Kuna kosa jingine ambalo bado linaniuma. Katika rasimu moja niliweka ndara ya mtoto, ya kijani, iliyokatika kanda na kuungwa kwa waya, ikiokotwa kwenye kifusi. Niliipenda picha hiyo. Nilipowasomea majirani, mama mmoja alisubiri hadi wengine waondoke, akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, hiyo ndara umeitoa wapi?" Nilikuwa nimeiona nyumbani kwake siku ya msiba, nikaibeba bila kujua kwamba ninaibeba. Niliifuta usiku uleule na nikaenda kumwomba radhi. Ninyi mnaoandika kuhusu Hanang, ambako maporomoko ya Desemba 2023 yalifunika nyumba za watu Katesh, au kuhusu mafuriko ya kwenu, anzeni na vitu vya nyumba zenu wenyewe. Cha jirani kiombwe, hata kama ni kijiko. Na msifanye haraka: hadithi yangu ilikamilika mwaka 2019, na ninaamini kabla ya hapo nilikuwa bado nasikiliza malori.

Mwisho ndio ulionisumbua kuliko yote. Nilijaribu ukuta uanguke, ikawa nimerudi kwenye taarifa ya habari. Nilijaribu mwanamke aamke na kukuta ilikuwa ndoto, nikaona aibu mbele ya mama yangu aliyeamka kila asubuhi na penseli mkononi. Kilichofaa ni kumwingiza mtu wa pili ndani ya ajabu lile badala ya kulitatua. Usiku wa mwisho mwanamke anachimba gizani, anasikia hatua nyuma yake, na hageuki. Ni mumewe, yule aliyefurahi kwamba nyumba inapona, ameshika taa. Anaisogeza karibu na ukuta, anautazama ufa kwa muda mrefu pamoja na tarehe zilizo pembeni yake, kisha anasema, "Ongeza kidogo."