Ukitaka kupima mikroRNA kwa bloki za zamani, angalia slaidi kwanza

Wacha niwaambie venye nilichoma pesa ya masta yangu, labda kuna mtu ataokoka.

Nilikuwa nafanya hepatoblastoma, ile saratani ya ini ya watoto wadogo, wengi hata miaka 3 hawajafika. Ni nadra sana, mtoto mmoja au wawili hivi kwa kila milioni kwa mwaka, kwa hivyo ukikaa hapa Nairobi ungoje kesi mpya utazeeka, unarudi tu stoo ya patholojia kwa bloki za nta, vile vipande vya uvimbe wa wagonjwa wa zamani vimehifadhiwa ndani ya nta. Na mikroRNA, zile RNA ndogo zinazodhibiti jeni, zinafaa hapo kwa sababu ni fupi, herufi 22 hivi, formalini, ile dawa ya kuhifadhi tishu, inakatakata RNA ndefu lakini hizi ndogo zinavumilia.

Mimi nikajua nikishapata bloki kazi imeisha. Nikakata, nikatoa RNA, nikapima, na bloki 3 zikaleta mikroRNA moja inaitwa miR-122 juu ajabu, wee, nikaanza kuandika ati nimegundua kitu! Daktari mmoja wa patholojia, mama mpole, akaniuliza, "Kijana, slaidi uliangalia?" Sikuwa nimeangalia, yaani kipande chembamba cha bloki kwa kioo, chini ya darubini. Sasa miR-122 ndiyo imejaa kwa ini la kawaida, zaidi ya nusu ya mikroRNA za ini ni hiyo moja, kumbe nilikuwa nimepima ini zuri la kando ya uvimbe. Riajenti (dawa za maabara) zote za hizo bloki, kwaheri.

Kwa hivyo kabla ya kufungua riajenti yoyote kata slaidi mpya, ipake rangi ya H na E, ile ya kawaida ya kuonyesha seli, umuombe mtaalamu azungushie kalamu penye uvimbe, halafu ukwangue hapo tu. Itakula wiki, sawa tu.

Halafu soma faili ya mgonjwa, usisome lebo peke yake. Watoto wengi hupewa sisiplatini, dawa ya kemo, kwanza ndio uvimbe unywee kabla ya upasuaji, so bloki ya upasuaji na ile ya biopsi ya mwanzo (kipande kidogo cha kupima kabla ya dawa) ni vitu viwili, zingine zangu zilikuwa zimekufa ndani, makovu matupu, na nilikuwa nimezitia zote kapu moja bila kufikiria. Angalia pia tishu ilikaa formalini siku ngapi, kuna moja ililala humo wikendi yote ya Pasaka. Vile vipande vya kwanza vya bloki tupa, vimekaa na hewa miaka, na ubadilishe wembe wa mikrotomu, ile mashine ya kukata bloki, kila mgonjwa.

Barua ya maadili na leseni ya utafiti ya NACOSTI, ile tume ya serikali ya sayansi, anza mapema, sina mengi hapo.

Na yule mzee wa stoo, mnunulie chai na mandazi, si hongo, ni heshima. Mimi nilitafuta rejista ya 2009 siku 2, yeye akaitoa nyuma ya kabati hata chai haijapoa.