Gumba linachelewa: vidole gani kwa kromatiki ya kasi?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni fundi seremala hapa Iringa, nina miaka 41, na Jumapili napiga kinanda kanisani. Skeli ya kromatiki, yaani noti zote nyeupe na nyeusi kwa kufuatana, nilifundishwa kuweka kidole cha 3 (cha kati; gumba ni 1, kidogo ni 5) kwenye kila kii nyeusi na gumba kwenye nyeupe. Metronomi, kile kifaa cha kuhesabu mapigo kwa dakika, ikiwa 80, noti nne kwa kila pigo, natiririka vizuri. Nikifika 120 mkono wa kulia unaanza kuchechemea, gumba linachelewa. Kijana mmoja wa kwaya ananiambia wapigaji hodari hutumia vidole vinne. Je, niache nilichofundishwa? Vidole vyangu ni vinene.

JIBU: Marahaba, fundi. Usikiache. Hicho ndicho mimi humpa kila mwanafunzi kwanza, na wapo wanaokaa nacho maisha yao yote, tena kwa kasi. Lakini hebu tuhesabu. Kutoka E hadi D shapu (kii nyeusi iliyo kulia kwa D) kuna noti 12. Kwa vidole ulivyozoea, gumba linapiga E, G, A, B na D, yaani mara tano, na kidole cha 2 kinachukua F na C, pale nyeupe mbili zinapofuatana. Kwa mwendo wa 120 unapiga noti nane kwa sekunde, kwa hiyo gumba linaitwa kazini zaidi ya mara tatu kila sekunde. Si ajabu linachoka.

Vidole anavyovisema kijana wako ni hivi, mkono wa kulia ukipanda: E, F, F shapu ni 1-2-3. G, G shapu, A, A shapu ni 1-2-3-4. B, C, C shapu ni 1-2-3. D na D shapu ni 1-2, kisha unarudi E kwa gumba. Gumba sasa lina kazi nne. Upo pia mpangilio wa tatu unaoanzia C: 1-2-3-4, halafu kuanzia E 1-2-3, halafu kuanzia G 1-2-3-4-5. Huo gumba linapiga mara tatu tu na vijana wanaupenda sana. Wewe sikushauri. Kidole cha 3 kinaangukia D na A, zote zimebanwa katikati ya nyeusi mbili, na kidole kinene kikiingia pale kinakwama au kinagusa jirani. Katika ule wa kijana wako D inapigwa na gumba, inabaki A peke yake. Hiyo A ipige ukiwa umekikunja kidole cha 3, kigonge upande wa nje, kabla nyeusi hazijaanza.

Kabla hujabadili chochote, weka simu pembeni, kamera iwe usawa wa kii, ujirekodi kwenye 100. Tazama kifundo cha mkono tu. Kama kinazama kila gumba linapopita, tatizo lako liko hapo, na mpangilio mpya utazama vilevile. Mwalimu wangu alikuwa anaweka kidole chake chini ya kifundo changu bila kusema neno. Nikikigusa, ananirudisha mwanzo.

Ukishatulia, piga E, F, F shapu kwa haraka, utue G na usimame. Gumba liwe limeshafika juu ya G wakati kidole cha 3 bado kiko chini. Fanya hivyo kwa kila kundi. Kushuka ni vidole vilevile kinyumenyume, na pagumu ni kutoka B kwenda A shapu, cha 4 kikivuka juu ya gumba. Mimi pale palinisumbua miezi miwili.

Mimi natumia mipangilio miwili, wako na wa kijana. Palipoandikwa kwa nguvu narudi kwenye 1-3, kwa sababu kidole cha 3 kina uzito. Palipo pepesi na pa kasi nachukua vinne. Andika namba kwa penseli ukianzia noti ya mwisho kurudi nyuma, ujue mapema unatua na kidole gani.

SWALI: Mwalimu, nina miaka 17, niko Nairobi. Nataka kuanza etyudi (kipande cha mazoezi) ya mtunzi Chopin, Opus 10 namba 2. Kwa nini kromatiki yote ni vidole vya 3, 4 na 5?

JIBU: Kwa sababu gumba na cha 2 wa mkono huohuo wanashughulika na kodi, yaani noti zinazopigwa kwa pamoja. Kilichobaki ni vidole dhaifu, kirefu kinavuka juu ya kifupi: cha 3 juu ya 4 na 5. Etyudi hizo zilichapishwa 1833, Chopin akamtunukia rafiki yake Liszt, mpiga piano ambaye mikono yake haikuwa ya kawaida. Wewe anza na sauti ya juu peke yake bila kodi, polepole na kwa ulaini, dakika kumi kwa siku. Ukisikia mkono unawaka kati ya kiwiko na kifundo, funga kinanda siku hiyo.