Muda wa saa tisa mjini Victoria, Shelisheli: jibu kwa aliyeuliza kama alipie ziara ya meli au ashuke mwenyewe

Ndugu yetu ameeleza kwamba atapanda meli ya kitalii Mombasa pamoja na mkewe na mama yake mzazi, kwamba meli itafunga gatini Victoria, katika kisiwa cha Mahé, kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, na kwamba mama anasumbuliwa na magoti. Anauliza kama alipie ziara zinazouzwa melini au ashuke tu na watu wake watembee wenyewe. Nilikuwa mhudumu wa vyumba katika meli za namna hiyo kwa misimu miwili, na Victoria nimeshuka mara nyingi, karibu zote nikiwa na saa tatu au nne tu kabla ya kurudi zamu. Kwa hiyo mji ule nimeujua kwa miguu na kwa haraka, na jibu langu ni kwamba ashuke mwenyewe. Fedha ambayo angelipia viti vitatu vya basi la ziara aiweke kwa ajili ya teksi moja ya kupandia mlimani, kwa sababu nitakayoieleza mbele.

Victoria ni mji mkuu wa nchi nzima, lakini mwenyeji wa Mombasa anaweza kuuzunguka wote bila jasho la pili kumtoka. Gati wanalofunga watalii ni lile lile la mizigo, kwa hiyo msishangae kushuka katikati ya makontena huku pua zikipokewa na harufu ya samaki kutoka upande wa meli za kuvua jodari. Kutoka hapo hadi katikati ya mji ni mwendo wa robo saa. Mtapita kwenye mzunguko wa barabara wenye mnara mweupe wa mabawa matatu, yanayowakilisha Afrika, Ulaya na Asia walikotoka wakazi wa visiwa hivyo, kisha mtafika kwenye mnara wa saa wa mwaka 1903. Watu wanaoujua kwa picha tu huvunjika moyo wakiuona, kwa kuwa ni mdogo, umepakwa rangi ya fedha na umesimama katikati ya njia panda kama askari wa trafiki. Upigeni picha, mwendelee.

Nendeni sokoni kwanza, kabla ya jambo jingine lolote. Soko la Sir Selwyn Selwyn-Clarke liko hatua chache kutoka kwenye mnara huo, nalo huchangamka asubuhi. Ikifika saa sita samaki wazuri wameshakwenda. Kwa mtu wa pwani yetu soko hili si la kutazama kwa mbali. Mtamkuta kolekole, ambaye wao humwita karang, mtamkuta tasi, mtamkuta jodari amekatwa vipande vyekundu, na juu ya ukingo wa meza ya saruji amesimama yangeyange, shingo ameikunja, akimwangalia mchuuzi anavyotumbua samaki. Utumbo ukitupwa, ndege anaudaka kabla haujagusa sakafu. Wenyeji humwita Madanm Paton, na hakuna anayemfukuza.

Upande wa matunda ndipo nilipochekwa, na nilistahili. Niliona mashelisheli yamepangwa, nikamuuliza mama mmoja mzee aliyekuwa akiyauza kwao yanaitwaje. Akasema friyapen. Nikamwambia kwamba kwetu tunda hilo tunaliita kwa jina la nchi yake. Hakusadiki, akamwita jirani yake, nikarudia, wakaangua kicheko wote wawili, kisha yule mama akaniambia, kwa Kiingereza kilichochanganyika na Kikrioli, kwamba mtu akila friyapen katika kisiwa chao ni lazima atarudi. Alinipa kipande cha kukaanga kilichokuwa kwenye bakuli lake la chakula cha mchana. Mkiona mahali panapouzwa ladob, onjeni: ni ndizi au viazi vitamu au shelisheli, vimepikwa kwa tui na sukari, pamoja na vanila na kungumanga. Mama yako atakwambia kwamba hiyo ni futari, naye atakuwa amesema kweli. Viungo msinunue vingi. Mdalasini wa kule ni mzuri na umejiotea mpaka vilimani, ila bei yake imewekwa kwa ajili ya Wazungu, na nyinyi mnatoka mahali ambapo unapatikana kwa bei ya kawaida.

Kuhusu bustani ya mimea iliyoko Mont Fleuri, ambayo karibu kila ziara ya meli hupita, sina maneno mengi. Kutoka sokoni ni kama dakika ishirini kwa miguu, na kwa mama mchukue teksi. Kuna minazi ya coco de mer, ile yenye mbegu nzito kuliko mbegu zote duniani, ambayo kwa asili huota katika visiwa vya Praslin na Curieuse tu. Mkitaka kununua kokwa yake hakikisheni inakuja na kibali cha serikali, la sivyo itabaki forodhani. Kuna na kobe wakubwa. Aliyewahi kufika Changuu, Unguja, ameshawaona ndugu zao, kwa kuwa wale wa Changuu walianza na kobe wanne waliotolewa zawadi kutoka Shelisheli mwaka 1919. Nusu saa inatosha.

Sasa nije kwenye teksi ya mlimani. Nyuma ya mji kuna barabara ya Sans Souci inayopanda kuelekea Morne Seychellois, mlima wenye kimo cha mita 905, na njiani kuna mahali panapoitwa Mission Lodge. Mabasi ya ziara husimama pale kwa ajili ya mandhari, watu wakapiga picha za pwani ya magharibi na kuondoka, na mara ya kwanza hata mimi nilifanya hivyo hivyo. Lakini pale, kati ya mwaka 1876 na 1889, palikuwa na shule ya wamisionari Waanglikana kwa watoto waliokombolewa utumwani. Manowari za Waingereza zilikuwa zikiyakamata majahazi ya watumwa katika bahari ya kwetu hii, na badala ya kuwarudisha watu makwao, ambako wangeweza kukamatwa tena, ziliwashusha Mahé, zaidi ya watu elfu mbili tangu mwaka 1861. Hivi sasa zimebaki kuta chache zenye kuvu na miti mikubwa iliyopandwa kwa safu. Mtu aliyezaliwa Mombasa, mji wenye Frere Town yake iliyoanzishwa kwa ajili ya watu wa namna hiyo hiyo, hawezi kusimama hapo akaangalia mandhari peke yake. Ngoma ya moutya ya wenyeji wa Shelisheli, ambayo UNESCO iliiorodhesha katika urithi wa utamaduni mwaka 2021, hupigwa kwa ngoma za ngozi zinazokaushwa kwanza kwa moto ili zilie vizuri, kama zinavyofanywa ngoma za kwetu.

Waingereza walikifanya kisiwa hicho kuwa mahali pa kuwatupa wafalme waliowasumbua, na wageni wengi wa ziara hawaelezwi hili hata kidogo. Kabaka Mwanga wa Buganda na Omukama Kabalega wa Bunyoro walikamatwa pamoja mwaka 1899, wakapelekwa huko. Mwanga alifariki dunia hukohuko mwaka 1903, na mabaki yake yakarejeshwa Kasubi, kwenye makaburi ya wafalme wa Buganda, mwaka 1910. Kabalega aliruhusiwa kurudi mwaka 1923, akafariki Jinja kabla hajafika kwao. Sayyid Khalid bin Barghash, yule aliyekalia kiti cha Zanzibar kwa siku mbili mwaka 1896 mpaka jumba la kifalme likapigwa mizinga, alikamatwa Dar es Salaam mwaka 1916, naye akaonja uhamisho wa Shelisheli na St Helena kabla ya kuruhusiwa kumalizia umri wake Mombasa, alikofariki mwaka 1927. Mkishuka kutoka mlimani ingieni katika jumba la makumbusho ya historia karibu na mnara wa saa. Ndani mna kivuli na viti, na mama atapumzisha magoti.

Nafasi ikibaki, wewe na mkeo mnaweza kuvuka kilima kwa basi la abiria kwenda ufuo wa Beau Vallon, safari ya dakika kama ishirini kutoka stendi kuu. Namna ya kulipa nauli iulizeni stendi kabla ya kupanda. Wakati wa kaskazi upande ule hupigwa na mawimbi na mvua ya Desemba na Januari haina adabu, kwa hiyo angalieni mawingu kwanza.

Hapo ndipo nilipokaribia kuachwa. Meli ilikuwa imetoka Mombasa, na usiku mmoja njiani saa zilisogezwa mbele kwa saa moja, kwani Shelisheli wametutangulia. Saa yangu ya mkono niliyoivaa siku za kushuka tu ilikuwa imelala kwenye mtoto wa meza, na simu niliiacha ikichaji. Nimeketi Beau Vallon, miguu majini, saa inaniambia ni tisa kasoro dakika kumi, nami natakiwa ngazini saa kumi na nusu. Nikamuuliza mvulana aliyekuwa akiuza maji ya madafu ni saa ngapi, kwa kutaka mazungumzo tu, akanionyesha simu yake: saa kumi kasoro dakika kumi. Basi lilichelewa kidogo, nikashukia stendi, nikakimbia njia yote ya bandarini na ndala mkononi, nikafika zikiwa zimebaki dakika nne. Basi la ziara la meli likichelewa, meli hulingoja. Aliyeshuka mwenyewe hangojwi na mtu. Kwa hiyo kabla hamjashuka linganisheni saa zenu na ile iliyo karibu na ngazi, na muda wa kurudi uandikeni kwenye karatasi kwa namba za meli, kwa sababu saa kumi na moja ya kwetu wao huiandika 17:00, na nimeona watu wazima wakigombana juu ya hilo.

Mengine ni madogo. Kila mmoja awe na cheti cha chanjo ya homa ya manjano, maana Kenya imo katika nchi ambazo wasafiri wake hudaiwa. Rupia za nchi hiyo mtazihitaji sokoni, ingawa dola na yuro hupokewa sehemu nyingi. Bei ya teksi ipatane kabla mlango haujafungwa, na uitaje safari yote: kupanda Sans Souci, kungoja, na kurudi.

Ila hukutaja siku. Kama meli inafika Jumapili, karibu yote niliyoandika juu ya soko yafute, kwa kuwa linafungwa na mji mzima hulala. Jumamosi nalo hufungwa mapema mchana. Ikiwa ni Jumapili, anzeni na mlima asubuhi, kisha nyote watatu mwende Beau Vallon kwa teksi hiyo hiyo.