Gari la Michezo kwenye Otokrosi: Anza na Matairi, Injini Ingoje

Mtu anayenunua gari la michezo kwa ajili ya otokrosi, yaani mashindano ambamo gari moja moja hukimbizwa dhidi ya saa katikati ya koni zilizopangwa kwenye uwanja mpana wa lami, mara nyingi huanza kutumia pesa mahali pasipostahili. Hukimbilia kuongeza nguvu za injini, hubadilisha ekzosi ili mngurumo usikike mbali, kisha hushangaa anapoachwa na Mazda MX-5 ya zamani yenye injini ndogo, ambayo mwenyewe huiendesha kwenda kazini siku nyingine zote. Kwa misimu niliyoshindana na kulitunza gari langu kwa mikono yangu, nimeona kwamba pesa ya kwanza iende kwenye matairi, ya pili kwenye alaimenti, yaani kurekebisha pembe ambazo matairi husimama na kutazama, na injini ingoje. Mzunguko mmoja kwa kawaida huchukua kama dakika moja, sehemu kubwa yake huendeshwa kwenye gia ya pili, na vipande vilivyonyooka ni vifupi mno kiasi kwamba nguvu za ziada hazipati pa kufanyia kazi.

Kabla ya kununua matairi, soma kanuni za daraja unalotaka kushindania. Kwa mfano, katika madaraja ya magari ya barabarani ya SCCA, chama cha michezo ya magari nchini Marekani, tairi linatakiwa liwe na alama ya kuchakaa (namba ya ubavuni ambayo ikiwa ndogo, mpira kwa kawaida huwa laini na huisha upesi) isiyopungua 200, na matairi laini kuliko hayo humhamishia mshindani daraja jingine lenye wapinzani wakali zaidi. Angalia pia tarehe ya kutengenezwa iliyochapwa ubavuni: tarakimu nne za mwisho huonyesha wiki na mwaka, hivyo 2323 ni wiki ya 23 ya mwaka 2023. Tairi la zamani linaweza kuwa na kashata, yaani mikato ya sehemu inayogusa lami, nzuri za kuvutia macho na bado likateleza, kwa sababu mpira umeshakuwa mgumu.

Upepo wa matairi ndio marekebisho ya bei rahisi kuliko yote, na ajabu ni kwamba ndiyo yanayopuuzwa zaidi. Mimi hupaka chaki kwenye bega la kila tairi, kuanzia kwenye kashata hadi ubavuni, kisha naendesha mzunguko mmoja kwa kasi ya kweli na kushuka kutazama. Matairi mengi yana pembetatu ndogo begani. Chaki ikifutika kupita pembetatu hiyo, tairi linajikunja kwenye kona na linahitaji upepo zaidi. Ikibaki juu sana, karibu na kashata, upepo umezidi na sehemu ya mpira haigusi lami ipasavyo. Kumbuka kwamba hewa iliyomo inapopata joto kipimo nacho hupanda, takribani paundi moja kwa kila nyuzi 6 za Selsiasi, kwa hiyo upepo uliopimwa asubuhi gari likiwa limepoa si ule utakaokuwa nao kwenye mzunguko wa mwisho. Pima kila unaporudi kwenye maegesho, punguza inapobidi, na uandike namba zote kwenye daftari pamoja na hali ya hewa ya siku hiyo.

Baada ya hapo nenda kwa fundi wa alaimenti, na usikubali akuwekee tu vipimo vya kiwandani. Gari likiegemea kwenye kona, tairi la nje husimama kwa ukingo wake wa nje, na ndiyo maana washindani wengi huinamisha sehemu ya juu ya matairi ya mbele kuelekea ndani kwa nyuzi 2 au hata 3, pale ambapo muundo wa gari na kanuni vinaruhusu. Kuyafanya matairi ya mbele yatazame nje kidogo huongeza wepesi wa kuingia kwenye kona, ila hulifanya gari liwe na wasiwasi barabarani na hula ukingo wa ndani wa tairi upesi. Breki kubwa, kwa maoni yangu, ni mapambo tu katika mchezo huu, kwa kuwa mizunguko ni mifupi na diski hupata muda wa kupoa. Pedi nzuri na mafuta mapya ya breki vinatosha. Chochote utakachobadilisha, badilisha kimoja kwa wakati mmoja, la sivyo hutajua ni kipi kilichosaidia.

Juu ya uendeshaji nitasema machache. Tembea njia yote kwa miguu kabla ya kuanza, tena zaidi ya mara moja ukiruhusiwa, na uinamishe kichwa hadi kimo cha macho yako ukiwa umeketi garini, kwa maana msitu wa koni huonekana tofauti kabisa kutoka chini. Kwenye safu ya koni za kupita kwa zigizaga, anza kugeuza usukani kabla hujaipita koni iliyo kando yako, macho yakiwa tayari kwenye ile inayofuata au ya baada yake. Kwa kanuni za SCCA, koni iliyosogezwa nje ya alama yake huongeza sekunde 2 kwenye muda wako, na hakuna shokapu ya kununuliwa itakayokurudishia sekunde hizo.

Usafi nao ni sehemu ya ufundi. Acha diski zipoe kwanza, kwa kuwa maji baridi yanaweza kuzipinda, kisha ondoa rimu na uoshe ndani yake kwa mkono. Hapo ndipo utakapoona michirizi ya grisi kutoka kwenye raba ya ekseli iliyopasuka, au unyevu wa mafuta kwenye shokapu, siku nyingi kabla kasoro hizo hazijajitangaza njiani. Vumbi la breki lililoganda huondoka kwa dawa ya kuyeyusha chembe za chuma, ambayo hugeuka zambarau inapofanya kazi. Alama za rangi ya machungwa kwenye bampa kwa kawaida ni plastiki ya koni iliyojipaka juu ya rangi, wala si mkwaruzo, na huisha kwa kitambaa laini na polishi nyepesi. Usipige polishi gari zima kila baada ya shindano, kwani tabaka la juu la rangi ni jembamba na kila polishi hulipunguza. Paka nta kwenye bampa la mbele na nyuma ya kila tairi, mahali vipande vya mpira uliochemka vinaporukia, ili safari ijayo vitoke kwa maji ya sabuni.